Kasuku, divai na kuku wa Java

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, mtu wa mambo ya kompyuta, alinipigia simu na swali ambalo sikulitegemea. Shemeji yake kapewa kinda la kasuku, na pale nyumbani kila mtu ana lake. Mama mwenye nyumba anasema apewe uji wa lishe. Mdogo mtu anasema karanga, tena nyingi. Mlinzi anasema ugali na chai ya maziwa, maana kule alikolinda mwanzo kulikuwa na kasuku anakunywa chai kila asubuhi na kutukana wageni. Eti kwa vile mimi ni mwandishi wa habari lazima najua. Jamani! Watu wanadhani sisi tunajua kila kitu, wakati tunachojua ni kutafuta tu.

Basi nikatafuta. Jibu la swali ni fupi, nitalitoa huko chini. Lakini katika kulitafuta nilijikuta ndani ya historia ambayo sijawahi kuiona imeandikwa kwa Kiswahili, nikaona nisiile peke yangu. Kwa kifupi ni hivi: kwa zaidi ya miaka elfu mbili binadamu amemlisha kasuku vibaya kwa sababu moja ya kijinga. Ndege huyu anaongea. Na kwa kuwa anaongea kama sisi, tukadhani anakula kama sisi.

Kwanza nimalizane na sheria, maana najua kuna atakayesoma hapa na kukimbilia sokoni kununua kasuku. Kasuku wa kijivu, yule hodari wa kuongea, yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES tangu mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Maana yake biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imefungwa. Kenya, Desemba 2021, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liliwapa waliokuwa na kasuku hao majumbani miezi mitatu wajitokeze kuwaandikisha bila kushitakiwa. Hapa Bongo nako kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2009. Kwa hiyo kabla ya kuuliza anakula nini, uliza ametoka wapi na karatasi zake ziko wapi. Nilimwambia rafiki yangu hivyo hivyo.

Haya, tuingie kwenye historia yenyewe.

Wagiriki walimjua kasuku kutoka India. Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, anamtaja ndege wa India mwenye ulimi kama wa mtu, na anaongeza kwamba akinywa divai anazidi utundu. Miaka mia nne baadaye Mrumi Pliny anarudia habari ile ile ya divai, na anaeleza pia kwamba kasuku anayefundishwa kusema hupigwa kichwani kwa fimbo ya chuma, eti vinginevyo hasikii. Fikiria hapo. Ndege analeweshwa na kupigwa rungu, halafu watu wazima wamekaa wanacheka anavyoropoka. Kwa ndege mwenye uzito usiofika hata nusu kilo, kileo kidogo tu ni sumu. Ukweli ni kwamba Warumi wengine walikuwa na akili zaidi. Mshairi Ovid aliandika shairi la msiba wa kasuku wa mpenzi wake, na humo chakula cha marehemu ni njugu na mbegu za mpopi, kinywaji chake ni maji matupu. Kama utani, mshairi wa mapenzi alimshinda mwanasayansi.

Wareno walipoanza kuzunguka pwani ya Afrika Magharibi karne ya 15, kasuku wa kijivu alianza kusafiri kwenda Ulaya kwa meli. Safari zilikuwa ndefu na wengi walikufa njiani. Waliofika waliuzwa kwa matajiri na kulishwa kilichokuwepo mezani: mkate uliolowekwa kwenye maziwa, au kwenye chai, au kwenye kahawa. Hapo Uingereza ya karne ya 19 kukazuka uzushi mwingine, kwamba kasuku wa kijivu hahitaji maji ya kunywa, unyevu wa mkate unamtosha. Wauzaji waliueneza kwa sababu uliwarahisishia kazi. Ndege wakafa kwa kiu katika nyumba zilizojaa birika za chai. Kwa hiyo yule mlinzi na chai yake ya maziwa si mjinga hata kidogo, ni mrithi wa fikra kongwe ya mabwana wa London. Tatizo ni kwamba ndege hawezi kuisaga sukari ya maziwa, na majani ya chai yana kafeini inayoupeleka moyo wake mbio.

Kisha zikaja mbegu.

Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould alirudi Uingereza kutoka Australia akiwa na kasuku wadogo wa kijani, wale wanaoitwa bajerigari. Walikuwa wazuri, rahisi kuzaa, na walikula mbegu ndogo ndogo za jamii ya ulezi na mtama bila matatizo makubwa, kwa sababu kwao Australia wanaishi kwenye nyika kavu na mbegu za majani ndicho chakula chao. Ukienda kwa bajerigari, mbegu inaeleweka. Kosa likawa kuichukua kanuni ya ndege wa nyika na kumbandika ndege wa msituni. Kila kasuku akawa mla mbegu, na mbegu kubwa, nafuu, inayopatikana kila mahali ikawa alizeti.

Sasa mtazame kasuku wa kijivu kwao. Makazi yake ni misitu kuanzia upande wa Ghuba ya Guinea, kupitia Kongo na Uganda, mpaka Kakamega magharibi mwa Kenya ambako wamebaki wachache sana. Chakula chake kikubwa kimojawapo ni matunda ya mchikichi. Watu wa Kigoma mnanielewa. Chikichi lile jekundu ambalo linatupa mawese, rangi yake nyekundu ndiyo karotini, na mwili wa ndege huigeuza karotini kuwa vitamini A. Ndege aliyezoea kula utajiri huo unamweka kwenye kizimba Ulaya au Upanga na kumpa alizeti, ambayo karibu nusu ya kiini chake ni mafuta, vitamini A hakuna ya kutaja, na fosforasi inaizidi kalsiamu mara kadhaa. Anakula kwa furaha, maana mafuta ni matamu kwa kila kiumbe, hata sisi tunayajua mambo ya chipsi. Anashiba na kunenepa, huku ndani anakufa njaa. Akikosa vitamini A, ngozi laini ya mdomoni na puani inakuwa ngumu, vinatokea vidonda vyeupe, vijidudu vinapata mlango, na mafua hayaishi.

Wenye kasuku walijua lini? Hapa ndipo ninapokasirika kidogo, kwa sababu elimu ilikuwepo mapema sana, na walioileta walikuwa ndege wenyewe.

Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilituma madaktari Java kuchunguza beriberi, ugonjwa uliokuwa unalegeza miguu ya askari na wafungwa na kuwaua. Mmoja wao, Christiaan Eijkman, alibaki Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, akaendelea kutafuta kijidudu kinachosababisha ugonjwa huo. Enzi zile kila ugonjwa ulitafutiwa kijidudu. Siku moja kuku wa maabara wakaanza kupepesuka. Miguu ikalegea, kisha mabawa, kisha wakashindwa kupumua. Eijkman akafurahi (madaktari nao!), akadhani beriberi imeingia kwa kuku. Ghafla kuku wakapona wenyewe. Alipouliza akaambiwa kwamba kwa miezi kadhaa mtunza kuku alikuwa anawapa wali uliobaki jikoni kwa askari, wali mweupe. Kisha akaja mpishi mpya aliyekataa kabisa mchele wa jeshi kuliwa na kuku wa kiraia. Kuku wakarudishwa kwenye mchele wa bei rahisi usiokobolewa. Wakapona.

Naupenda sana ule ukiritimba wa mpishi. Jina lake halikuandikwa kwenye tuzo yoyote, lakini bila yeye huenda tungechelewa sana.

Eijkman mwenyewe alielewa vibaya mwanzoni, akadhani wali mweupe una sumu. Mwaka 1901 Gerrit Grijns, aliyechukua kazi yake pale Batavia, ndiye aliyesema wazi kwamba si sumu, ni kitu kinachokosekana, kitu kilichomo kwenye ganda lile jembamba linaloondolewa kinuni. Wabongo tunaweza kuliita suala la sembe na dona. Mwaka 1912 Casimir Funk, akifanya kazi London na njiwa waliolishwa mchele mweupe, akakipa kitu hicho jina ambalo leo mtoto wa darasa la tatu analijua: vitamini. Mwaka uliofuata vitamini A ikatambuliwa kule Marekani kwa majaribio ya panya. Mwaka 1929 Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Hopkins.

Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu dunia ilijua kwamba ndege anaweza kufa na tumbo limejaa. Kuku wakafaidika haraka, kwa sababu kuku ni biashara, na kampuni za chakula cha kuku zikaweka vitamini kwenye magunia. Kasuku akaendelea kupewa alizeti miaka hamsini zaidi. Hakutaga mayai ya kuuza, kwa hiyo hakuna aliyepiga hesabu ya hasara.

Na karanga? Huyo mdogo mtu anayetaka kinda lipewe karanga nyingi nina hadithi yake pia.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza ndani ya miezi michache. Hakuna aliyejua ugonjwa gani, wakauita tu "Ugonjwa X wa bata mzinga". Uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Kipindi hicho hicho vifaranga vya bata vilikuwa vinakufa Kenya na Uganda, na mashudu ya karanga za Afrika Mashariki nayo yakaonekana na sumu ile ile. Ilitoka kwenye kuvu anayeota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, Aspergillus flavus, na kutoka jina hilo wakaunda neno aflatoksini. Sisi tunaiita sumukuvu. Inaua ini. Kama unadhani ni mambo ya ndege tu, kumbuka mwaka 2004 upande wa Makueni na Kitui, Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hiyo elimu ilianza na bata mzinga.

Kasuku ana ini dogo. Karanga moja yenye kuvu kwake si karanga moja kwako. Kuzikaanga kunapunguza sumu lakini hakuiondoi, na kuvu mwenyewe huwezi kumwona kila mara kwa macho. Uji wa lishe wa mama mwenye nyumba nao mara nyingi umesagwa na karanga na mahindi. Usiniambie unga unanukia vizuri. Hata wale wa Makueni waliusonga na kuula.

Sehemu ya mwisho ya historia hii ni ya makinda, na ndiyo ya karibuni zaidi. Kwa muda mrefu hakuna aliyehangaika kulea kinda kwa mkono kwa wingi, maana ilikuwa nafuu kukamata porini. Kati ya mwaka 1975 na miaka ya 2010 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja walisafirishwa kihalali kutoka Afrika, na hapo hujahesabu waliokufa mtegoni na waliopita njia za panya. Kisha milango ikaanza kufungwa. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingiza ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukafunga moja kwa moja. Wafugaji wakalazimika kuzalisha wenyewe, na mtindo ukawa kulitoa kinda kiotani mapema na kulilisha kwa bomba au kijiko ili lizoee watu.

Lakini unalipa nini? Jibu la kwanza la maana lilitoka Chuo Kikuu cha California, Davis, ambako T. E. Roudybush na C. R. Grau walifuga makinda ya kokatieli, kasuku wadogo wenye kishungi kutoka Australia, na kuyapimia chakula gramu kwa gramu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1986 walionyesha kwamba makinda yanakua vizuri zaidi protini ikiwa kama asilimia 20 ya chakula kikavu, na kwamba siku za mwanzo kabisa uji unatakiwa uwe mwepesi sana, karibu maji, kisha unazidishwa uzito baada ya siku chache. Ukimpa kinda mchanga uji mzito mapema, anakufa. Kutokana na kazi za namna hii zikaja unga maalumu wa makinda na zile punje za kiwandani zinazoitwa peleti, ambazo kila punje ina kila kitu, kwa hiyo ndege hawezi kuchagua mafuta na kutupa vitamini.

Hata hivyo kujua kwa maabara si kujua kwa mitaa. Mwaka 2003 daktari wa mifugo Nigel Harcourt-Brown wa Uingereza alichapisha picha za eksirei za kasuku wa kijivu 34 waliolelewa kwa mkono. Kumi na tano, asilimia 44, mifupa yao ilikuwa imepinda. Matege. Nje walionekana wazima, wanapendeza, wanaongea. Walikuwa wamekosa kalsiamu na vitamini D wakati mifupa inaundwa, wengine kwa sababu hata mama zao walitaga mayai wakiwa wanalishwa mbegu. Kinda la kasuku wa kijivu huchukua karibu miezi mitatu kabla ya kutoka kiotani, na porini muda wote huo hulala limejikunja gizani na wenzake. Ukilitoa na kulifanya litembeetembee mezani na mifupa laini, mifupa inapinda.

Parachichi nalo lina faili lake. Wengi wanadhani kwa kuwa ni tunda basi ni salama. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani waliwapa bajerigari na chiriku wa kufugwa parachichi, na bajerigari kadhaa hawakumaliza siku mbili. Sumu inaitwa pasini, na inashambulia moyo. Kwa mji kama wetu ambako parachichi linakaa kwenye kila sahani ya kachumbari, hili ni la kuandikwa kwenye mlango wa friji.

Basi rafiki yangu nilimjibu hivi. Kama kinda bado linaomba kulishwa, halina manyoya kamili, lipelekwe kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, na lipewe unga wa makinda wa kasuku, si uji wa mtoto. Uji uwe kati ya nyuzi 39 na 41 za Selsiasi, upimwe kwa kipimajoto na si kwa kidole. Ukiwa wa moto zaidi unaunguza gole, mpaka wakati mwingine linatoboka na chakula kinatokea kifuani. Ukiwa wa baridi, gole linagoma kumwaga na chakula kinachachia humo. Maikrowevu isitumike, maana inaacha sehemu moja ina moto na nyingine vuguvugu. Gole liachwe lipungue kabla ya kujazwa tena, na vyombo vioshwe kila mara.

Akishaanza kula mwenyewe, msingi uwe peleti kama zinapatikana. Zisipopatikana, wali wa mchele usiokobolewa, ulezi au mtama uliochipua, na maharage yaliyopikwa mpaka yakaiva kabisa, kwa sababu maharage mabichi yana sumu. Hilo si badala kamili ya peleti, hivyo daktari aulizwe kuhusu kalsiamu. Juu yake ndipo soko letu linapomshinda Mzungu: boga, viazi lishe vya rangi ya chungwa, karoti, mchicha, sukuma wiki, hoho, papai, embe kidogo. Pilipili kali pia, ina vitamini A tele na ndege hasikii ukali wake hata kidogo, anatafuna kama sisi tunavyotafuna tango. Alizeti iwe zawadi ya kumfundishia, punje chache kwa siku. Karanga za sokoni ningeziacha kabisa. Maji safi kila siku, na jua la asubuhi nje ya kioo cha dirisha, kwa sababu kioo kinazuia miale inayotengeneza vitamini D. Parachichi, chokoleti, kahawa, chai, kitunguu, chumvi na kileo vikae mbali naye.

Rafiki yangu akaniuliza kama chikichi zinapatikana Dar. Nikamwambia ajaribu kuulizia kwa wauza mawese kutoka Kigoma, moja mbili kwa wiki zinamtosha, na azioshe kwanza.